Mama Hakuishia Hapo

Simu ya marehemu ilikuwa imefungwa kwenye leso, na mke aliiweka mezani taratibu kama mtu anayetua yai.

"Imo humu," alimwambia mumewe. "Nesi kaniambia mama alijirekodi mwenyewe pale wodini. Aliomba aonyeshwe pa kubonyeza tu, kisha akamtoa nesi nje. Akasema tuisikilize wote, siku ya kumkumbuka."

"Umeshaisikiliza?"

"Sitaki. Nitaisikia siku hiyo, nikiwa na ndugu zangu. Wewe isafishe tu. Alikuwa anakohoa sana, na sitaki watu wabaki na kikohozi chake masikioni."

Mumewe alikuwa akiitwa Fundi Sauti mtaa mzima, na hata mkewe alikuwa amezoea kumwita Fundi. Alirekodi kwaya, hotuba za harusi, na yale matangazo ya maduka yanayozungushwa na gari lenye spika juu. Lakini kilichomletea sifa ni miisho. Watu wengi wakirekodiwa hawajui kumaliza. Mmoja anakohoa, mwingine anauliza "tayari?", wa tatu anaburuta kiti. Fundi aliuchukua mkia huo akaushusha polepole, mpaka sauti ikayeyuka ndani ya muziki. Mwanzo nao aliupandisha vivyo hivyo, kutoka kwenye ukimya, kama maji yanavyojaa ndoo. Wenye kazi wanaita feidi. Wateja hawakulijua jina, walisema tu, "Fundi, tuwekee ile yako ya kufifia."

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mama mkwe alipozidiwa, hicho ndicho chumba alichopewa, kabla ya kulazwa wodini. Vyombo vya Fundi vilihamia ukumbini, vikafunikwa shuka, na kitanda cha mgonjwa kikaingia. "Wamenipanga kwenye trei," mama alikuwa akiwaambia wanaokuja kumjulia hali. "Sijui wanangoja nianguliwe nini." Watu walicheka, naye alicheka mpaka kikohozi kikamkata.

Alipozikwa, godoro lake lilikuwa bado liko kwenye kamba linaanikwa wakati vyombo vya Fundi vilipoanza kurudi chumbani. Mke alimwona akibeba spika, akampisha mlangoni. Kuna mambo ambayo mwanamke huyaweka akibani, si kwa sababu ameyasamehe, bali kwa sababu hana nguvu nayo siku hiyo.

Fundi alivaa hedifoni, akafungua rekodi.

"Inawaka? Haya, imewaka," ilisema sauti ya mama mkwe, karibu kabisa, kana kwamba ameegemea bega lake. "Wanangu, nawasalimu. Nianze na wa kwanza. Wewe umerithi hasira za baba yako. Lakini baba yako alikuwa akikasirika asubuhi, mchana anaomba radhi. Wewe umechukua asubuhi tu. Chukua na mchana."

Fundi alitabasamu. Alikata kikohozi kimoja, akaondoa mlio wa kitanda cha jirani.

"Wewe wa pili, uliyenibeba. Nilikuona ukinigeuza na mgongo wako wenyewe unauma, ukijifanya unaimba. Sina cha kukulipa. Mungu akulipe, mwanangu."

Hapo mama alivuta pumzi ndefu yenye mikwaruzo.

"Sasa kuna jambo la mkwe wangu. Siku moja nilimpelekea chai pale ukumbini, alipokuwa amebanana na mashine zake. Alikuwa anaongea kwenye simu, kanipa mgongo. Nikamsikia..."

Fundi alibonyeza, sauti ikasimama.

Hakuhitaji kuambiwa alichosikiwa akisema. Alilikumbuka neno lenyewe, na hata alivyokuwa amekaa. Kiongozi wa kwaya alikuwa amempigia kumuuliza kwa nini siku hizi hawarekodi nyumbani, naye akajibu: "Chumba kina mgonjwa, bwana. Nasubiri Mungu amalize kazi yake nirudishe vyombo vyangu." Kisha wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko cha wanaume waliochoka, kisicho na nia mbaya, alijiambia sasa. Lakini masikio yalimwaka ndani ya hedifoni, akazivua, akazitazama kama zimemuuma.

Rekodi ilikuwa haijaisha. Kwenye kioo cha kompyuta mawimbi ya sauti yaliendelea mbele, kipande kirefu. Fundi aliyatazama, akaona kila kilima ni yeye anasemwa. Hakuwa na moyo wa kusikiliza. Aibu ikimshika mtu humfanya mwepesi wa mikono na mzito wa masikio.

Basi alirudi kwenye "Mungu akulipe, mwanangu." Aliishika sauti pale, akaishusha taratibu, na chini yake akapandisha kinanda, laini, bila maneno. Mama aliondoka kama mtu anayelemewa na usingizi katikati ya dua. Fundi aliusikiliza mwisho huo mara mbili, na Mungu amsamehe, aliuona mzuri. Ulikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuitengeneza.

Kisha aliihamishia rekodi nzima kwenye kompyuta yake na kuifuta kwenye simu.

"Ile simu ni mbovu," alimwambia mkewe. "Nimeihifadhi kwangu, isije ikapotea."

"Ahsante, mume wangu," mke alisema, akamshika mkono.

*

Kitinda mimba alimpigia Fundi akiwa njiani. Alikuwa dereva wa lori, mwanamke pekee katika kampuni yao, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo za injini na watu wanaobishana.

"Shemeji, habari za hapo?"

"Nzuri tu. Safari?"

"Niko mizani, wanapima mzigo. Nataka kukuuliza kitu kabla sijaomba ruhusa kwa bosi." Alishusha sauti. "Hiyo rekodi. Mama amenitaja?"

Fundi alikuwa anakunja waya. Aliendelea kuukunja.

"Mama ameongea na watoto wake," alisema.

"Na mimi?"

"Kwani wewe si mtoto wake? Njoo usikie mwenyewe."

Dereva alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetuliwa mzigo. Fundi hakujua, kwa sababu hakuuliza, kwamba kwa miezi mingi mwanamke yule alikuwa akiendesha na neno moja kifuani. Alikuwa amempigia mama yake na kumwomba ahamie kwake, chumba kimoja nyuma ya maegesho ya malori. Mama akamjibu kwamba yuko vizuri, hataki kwenda kulala kwenye vumbi la malori. Neno lilisambaa. Kaka mkubwa, karani wa mahakama, mtu wa tai na saa, alilirudia mara kwa mara kwenye vikao vya ukoo: "Mama hakutaka kufia gereji." Tangu hapo dereva alikuwa anakuja kumwona mama yake kama mgeni. Alikaa ukingoni mwa kiti na kuondoka chai haijapoa.

*

Siku ya kumbukumbu uwanja ulijaa. Mabenchi yaliazimwa nyumba kwa nyumba, mengi yakitoka kwa jirani mmoja mwanamke ambaye wote walimwita Redio, kwa kuwa hakuna habari iliyompita wala iliyobaki kwake. Kitinda mimba alifika mapema akiwa amevaa gauni jipya ambalo lebo yake ilikuwa bado inaning'inia kwapani, mpaka dada yake akaikata kwa meno. Alikuja na madereva wenzake wawili. Walikuwa wanaume wakubwa, wamenyoa na kunyooka kama wanaokwenda kupigwa picha.

"Nimewaleta wamsikie mama," alisema. "Njia nzima nawasimulia habari zake."

Aliwakalisha mbele kabisa.

Fundi alibonyeza. Kinanda kilipanda polepole kutoka kwenye ukimya, na sauti ya mama ikaingia juu yake. Watu waliinama. Kwenye "chukua na mchana" uwanja ulicheka, na kaka mkubwa alitoa leso akajifuta paji la uso. Kwenye "ukijifanya unaimba" mke wa Fundi alilia bila kujificha. Kitinda mimba alimshika bega dada yake kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa mapajani, umefumbatwa. Sasa ilikuwa zamu yake. Alisogea mbele kidogo kwenye benchi.

"Mungu akulipe, mwanangu," mama alisema, na sauti ikaanza kushuka. Ilishuka, ikafifia, kinanda kikaimeza.

Watu waliinua vichwa. Kisha Redio akashusha pumzi.

"Fundi, umetenda," alisema. "Sauti imeondoka kama roho yenyewe inavyoondoka."

Wengine waliitikia, na mzee mmoja akampigapiga Fundi mgongoni.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza kitinda mimba. Hakuuliza kwa sauti kubwa, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alimsikia.

Fundi aliangalia waya zake. "Ndiyo mwisho."

"Hakuna kingine? Hata kidogo?"

"Mama alikuwa amechoka," kaka mkubwa aliingilia, kwa sauti ile ya kumwahirishia mtu kesi. "Mtu wa hali ile huwezi kumdai amtaje kila mmoja. Tusianze mambo hapa."

"Sianzi kitu, kaka. Nimeuliza tu."

Watu walianza kuangalia viatu vyao. Nyuma kidogo mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake habari ya vumbi la malori, na ule mnong'ono ulitembea benchi kwa benchi. Mmoja wa madereva wale alijikuta anasoma maandishi ya chupa ya maji kana kwamba ni barua yake. Kitinda mimba alibaki ameketi muda wa kutosha ili isionekane anakimbia. Kisha alisimama, akasaidia kukusanya vikombe, akaviosha vyote, akavikausha na kuvipanga. Alipomaliza, alimuaga dada yake kwa kumpa mkono, kama wanavyoagana watu wa ofisini.

"Shemeji," alimwambia Fundi alipompita, "uliniambia ameongea na watoto wake."

Fundi aliinama, akaanza kukunja waya.

*

"Mama hakuwa hivyo," mke alisema kesho yake, akifunga vifungo vya koti lake jeupe. Alikuwa anauza kwenye duka la dawa, na asubuhi hiyo alikuwa amechelewa kwa sababu ya kukaa kitandani akitazama ukuta. "Asingemsahau kitinda mimba wake. Hakikisha tena, Fundi. Labda kuna kipande kingine."

"Nitaangalia."

Alipotoka, Fundi alifunga mlango wa chumba cha kazi, akakaa, akavaa hedifoni. Safari hii hakusimamisha.

"... Nikamsikia anamwambia mtu kwamba chumba kina mgonjwa, na yeye anasubiri Mungu amalize kazi yake arudishe vyombo. Wakacheka. Nikarudi jikoni na ile chai, nikainywa mwenyewe. Ilikuwa na sukari nyingi, anavyoipenda." Mama alicheka kidogo, akakohoa. "Sisemi haya mpate kumchukia. Nyumba ni yake, na mgonjwa anachosha, nimeuguza mimi najua. Nayasema kwa ajili yako wewe, kitinda mimba wangu. Siku ileile ulinipigia ukaniambia, mama njoo kwangu, nitaacha safari za mbali nikutunze. Nami nikakujibu nipo vizuri, siendi kulala kwenye vumbi la malori. Nilisikia ulivyonyamaza. Mwanangu, nilikuwa natamani kuja. Nguo nilikuwa nimeshazikunja. Lakini ningeondoka siku ile, dada yako angeuliza kwa nini, na mimi nikitazamwa siwezi kudanganya. Ningemwambia, na nyumba yake ingevunjika. Na wewe ungeacha lori, apewe mtu mwingine. Basi nikaona nikuumize wewe, kwa kuwa wewe ndiye mgumu. Sikufanya haki. Lile neno la vumbi nisamehe. Siku zile ulipokuwa unapita barabarani na kupiga honi, nilikuwa nawaambia wote waliokaa nami, sikilizeni, huyo ni wangu."

Pakawa na mkwaruzo wa kidole kwenye simu.

"Haya, nimemaliza. Sasa hii inazimwaje? Nesi! Hii inazimwaje? Nesi..."

Kitu kikaanguka, kikagonga sakafu, na rekodi ikakatika ghafla.

Fundi alikaa. Alijua anachotakiwa kufanya, na akaanza kufanya kingine. Alichukua kisu cha kompyuta, kile cha kukatia sauti, akaanza kuchonga. "Siku ileile ulinipigia": siku ipi? Akaitoa. "Dada yako angeuliza kwa nini": kwa nini nini? Akaitoa. Kila sentensi aliyoigusa yeye alikuwamo, kama mfupa ndani ya samaki. Lakini alikuwa fundi kweli. Mwishowe alipata kipande kifupi kinachosimama chenyewe: kitinda mimba wangu, nilikuwa natamani kuja, lile neno la vumbi nisamehe, sikilizeni, huyo ni wangu. Mwanzo wake ulikuwa umekatika vibaya, hivyo akaupandisha kutoka chini, taratibu. Angesema amekipata kwenye kona ya simu. Dereva angefurahi. Nani angeumia?

Alivua hedifoni, akakicheza kwenye spika kukipima.

"Hayo maneno yametoka wapi?"

Mkewe alikuwa mlangoni, bado na koti jeupe. Alikuwa amesahau ufunguo wa duka.

"Nimekipata," Fundi alisema haraka. "Kilikuwa kimejificha. Si nilikuambia simu ni mbovu? Mama amemtaja, sikia."

Alirudia kukicheza. Mke alisikiliza hadi mwisho, na machozi yalimjaa machoni bila kuanguka.

"Rudia mwanzo."

Akarudia.

"Mbona unapanda?" mke aliuliza. "Mama hakuwa na kinanda wodini. Nimeishi na kazi yako, Fundi, naijua. Sauti ikipanda hivyo, kuna kitu umekikata nyuma yake."

"Ni kikohozi tu."

"Basi nichezee na kikohozi."

Mficha uchi hazai, na Fundi alikuwa ameficha mpaka akaishiwa nguo. Alifungua rekodi yenyewe, akabonyeza, akatoka kwenye kiti akasimama karibu na dirisha ili asimwone usoni. Mke hakukaa. Alisikiliza yote, mpaka kile kitu kikaanguka sakafuni.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Kiongozi wa kwaya."

"Naye akacheka."

"Alicheka."

"Kwa hiyo yule baba aliyenishika mikono yote miwili makaburini, akaniambia pole dada, alikuwa anajua." Alitafuta ufunguo kwenye meza, akaupata, akaushika tu. "Siku ile mama alinywa chai yako, na jioni akakuuliza kazi inaendeleaje. Nilikuwapo. Ukamwambia inakwenda."

"Nilisema kwa kuchoka. Sikuwa namaanisha, mke wangu."

"Sijakuuliza ulimaanisha nini. Jana ulimwacha mdogo wangu akaosha vikombe vya watu waliomwona hana mama. Na ulikuwa unajua bado kuna kipande."

"Sikuwa nimekisikiliza."

"Hiyo ndiyo unayoiona afadhali?"

*

Walimkuta kitinda mimba kwenye maegesho, chini ya lori lake, miguu tu ikionekana. Alitoka akiwa na grisi mpaka viwikoni. Alipomwona Fundi, aliangalia pembeni. Dada yake alimwambia kwa ufupi. Fundi alimkabidhi simu yake, rekodi ikiwa imehamishiwa humo, na hedifoni, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa fidia.

Dereva alipanda kwenye kebini, akafunga mlango. Kupitia kioo walimwona akisikiliza, uso umetulia. Halafu akaegemeza paji la uso kwenye usukani na kukaa hivyo. Wapakiaji mizigo waliokuwa wanapita walimtazama yeye, kisha wakamtazama Fundi, na mmoja akauliza, "Mzee, ni wewe umemliza?" Fundi akasema ndiyo.

Dereva alishuka, akamrudishia Fundi simu. Sehemu aliyoishika ilikuwa na alama za grisi.

"Wewe shemeji sina neno na lile ulilosema kwenye simu," alisema. "Mama amekusamehe, na mimi si hakimu wa mama. Lakini nilikuuliza. Nilikuwa mizani nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Na uwanjani nikauliza tena."

"Ndiyo."

"Waliosikia nikiuliza ndio nataka wasikie jibu. Wote."

Kaka mkubwa alipopigiwa simu alipandisha sauti mpaka ikasikika bila kuwekwa kwenye spika. Mambo ya nyumbani yanaishia nyumbani. Mkwe ni mtu wa kusitiriwa. Yeye ana jina mahakamani, hawezi kukaa kwenye benchi mtaani akisikiliza ukoo wake unavuliwa nguo.

"Kaka," alisema kitinda mimba, "ulipokuwa unawaambia watu mama hakutaka kufia gereji, mimi ndiye niliyekuwa uchi. Sikukuona ukinitupia shuka."

Baada ya hapo kaka aliuliza ni siku gani.

*

Fundi ndiye aliyetumwa kualika. Alipita nyumba kwa nyumba akirudia maneno yaleyale: kuna maneno ya mama hamkuyasikia, njooni tena. Wengine walidhani anatania. Muuza mkaa alimuuliza kama marehemu amepiga simu. Mzee aliyempigapiga mgongoni siku ile alisema, "Lakini ulituambia ndiyo mwisho," naye Fundi akajibu kwamba alidanganya, na mzee akakosa pa kuangalia. Kwa Redio alisimama muda mrefu zaidi.

"Kwani kuna nini humo?" Redio aliuliza, macho yanamng'aa.

"Kuna mimi," Fundi alisema. "Njoo tu. Na mabenchi yako, tafadhali."

Alipofika kwa kiongozi wa kwaya, yule baba alikuwa ameshajua kwa kumtazama tu. Hawakusalimiana sana. "Nije?" aliuliza. Fundi akamwambia ni hiari yake. Hakuja.

Siku hiyo hakukuwa na kinanda. Rekodi ilianza mama alipoanzia, "Inawaka? Haya, imewaka," kikohozi na vyuma vya kitanda vyote vimo. Fundi alikuwa amesimama kando ya spika, mahali ambapo kila mtu angemwona, kwa sababu mkewe ndiye aliyemwonyesha pa kusimama. Ilipofika kwenye jambo la mkwe, hakuna aliyemgeukia mara moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko kutazamwa. Walikuwa wanamsitiri. Mtoto mmoja tu ndiye aliyemkazia macho, mama yake akamgeuza kichwa kwa kiganja.

Kisha mama akamwita kitinda mimba wake. Dereva alisikiliza huku amekaa wima, wenzake wawili pembeni. Kwenye "huyo ni wangu" mmoja wao, yule aliyekuwa amesoma chupa ya maji, alitoa sauti kama ya kukabwa, akajifanya anakohoa. Kaka mkubwa alikuwa amevua tai. Aliinuka, akaenda mbele ya mdogo wake, na mbele ya watu wote akasema, "Lile neno la gereji nimelifuta. Niwie radhi." Ilikuwa ni mchana, na Redio hakukosa kuligundua hilo.

Mama alipofika kwenye "hii inazimwaje," watu wakacheka, na kitinda mimba akacheka nao, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Fundi hakugusa kitu. Rekodi ilikatika palepale ilipokatikia.

Waliondoka mmoja mmoja, wakiwapa mikono mabinti na kaka yao. Baadhi walimpa na Fundi, kwa haraka. Wengine walipitia upande wa pili wa mabenchi.

Mke wake hakuwa amelia wala kucheka. Watu walipokwisha, alishika kichwa cha benchi refu la Redio.

"Shika huko," alisema.

Walilibeba barabarani, yeye mbele, Fundi nyuma. Uso wa mkewe Fundi hakuuona, aliona kisogo tu na mabega yaliyokaza. Watu waliokuwa wamekaa vibarazani walinyamaza wakati wakipita.

"Ile simu ya mama," mke alisema bila kugeuka. "Ingepotea hospitali. Nesi angesahau, ikapotea. Lile neno lako ungeniambia siku moja?"

Fundi alitembea kidogo. Njia ya kudanganya ilikuwa hapohapo, fupi, na kwa sauti sahihi angeweza kuipita.

"Hapana," alisema. "Nisingekuambia."

Mke hakusimama. Walipita duka la mkaa, wakapita bomba la maji, na mikono ya Fundi ikaanza kuchoka.

"Inua upande wako," alimwambia. "Benchi la watu linaburuzika."

Akainua.